Saratani imefika kwenye mifupa: mazoezi gani mnafanya, na yapi mmeyaacha?

#1 BintiPangani

Assalam alaykum, na habari zenu wana jukwaa.

Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu. Kila baada ya siku chache napigiwa simu na mtu aliyepewa namba yangu na mtu mwingine, na maneno ni yale yale: "Mama amerudi hospitali, wanasema imeshaingia kwenye mifupa, basi tumemlaza, hatumwachi hata aende uani." Hilo neno "tumemlaza" linanichoma. Na mimi nililazwa hivyo hivyo, wiki sita, kwa mapenzi makubwa, na nusura miguu iniishe kwa hayo mapenzi.

Nina miaka 54. Titi la kushoto lilitolewa 2018. Mwaka 2022 kiuno kikaanza kuuma, nikasema ni ndoo, ni umri, nikawa nameza vidonge vya dukani. Kilichonishtua ni kwamba maumivu yale yalizidi nikilala. Kiuno cha kazi ukikilaza kinatulia. Hiki kilikuwa kinaniamsha saa nane za usiku. Picha zikaonyesha pingili mbili za kiunoni na sehemu ya juu ya mfupa wa paja la kulia, pale karibu na nyonga.

Daktari wa mifupa aliniwekea picha ya paja kwenye mwanga, akaniita nisogee. Mfupa ulikuwa kama gunzi la mhindi uliobunguliwa: huku pametobolewa, huku pamejaa weupe. Akaniambia wanapima kwa alama za Mirels, zipo tangu 1989. Wanatazama mambo manne: mfupa upi, unaumaje, ugonjwa umekula mfupa au umeujaza, na umechukua sehemu gani ya upana wake. Kila jambo linapata 1 mpaka 3, jumla haizidi 12. Ukifika 9 wanafikiria kukuwekea chuma kabla hujavunjika. Ukiwa 7 au chini, kwa kawaida ni mionzi na kufuatiliwa. Mimi nilipata 8: eneo la nyonga 3, maumivu 2, mchanganyiko 2, ukubwa chini ya theluthi 1. Katikati kabisa. Akaamua mionzi, na mkongojo usiachwe.

Nikapigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road siku tano, nikaanzishiwa dripu ya mifupa na vidonge vya homoni, nikarudi nyumbani. Wanangu wakaniwekea kitanda sebuleni. Chai kitandani, chakula kitandani, ndoo ya haja kando ya kitanda. Baada ya wiki sita maumivu yalikuwa yamepungua sana. Nikasema leo naenda msalani mwenyewe. Nikasimama, magoti yakaanza kutetemeka kama ya mtoto anayejifunza, nikaukamata mlango. Nikatazama mapaja yangu nikayaona yamekuwa kama mikono. Mfupa ulikuwa umetibiwa, nyama iliyokuwa inaubeba ndiyo imekwisha. Na mtu asiye na nyama miguuni ndiye anayeanguka, na kuanguka ndiko tulikokuwa tunakuogopa wote.

Niliporudi kliniki nikapelekwa kwa mtu wa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliomba picha kwanza. Alipoona nimekuja bila picha akanirudisha nikazichukue, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alinianzishia hivi:

Kiti cha mbao kizito, mgongo wa kiti ukutani, juu yake mto mgumu ili kisiwe chini mno. Nakaa ukingoni, miguu imekanyaga chini yote miwili, mgongo umenyooka, nainuka polepole, nakaa polepole. Mara tano, napumzika, mara tano tena. Wiki ya kwanza nilikuwa najisukuma kwa mikono. Halafu nikiwa nimekaa, nanyoosha goti moja, nahesabu mpaka tano, nalishusha. Halafu nakwenda: kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi, mkongojo mkono wa kushoto, kwa sababu ubovu uko kulia. Wengi wanaushika upande ule ule unaouma, ni makosa. Nilianza na dakika sita. Sasa natembea dakika ishirini na tano, baada ya alfajiri kabla jua la Tanga halijawa kali, siku tano kwa wiki.

Nilivyoviacha: ndoo ya lita ishirini. Kufua kwa kuinamia beseni. Fagio la chelewa, maana hata likifungwa mpini mrefu ule mzunguko wa kiuno unabaki. Na mbuzi ya nazi. Hii iliniuma zaidi. Jikague ukiwa umekaa kwenye mbuzi: uko chini, magoti yamepanda, mgongo umekunjika mbele, halafu mikono inasukuma na kuzungusha. Kukunja, kuzungusha na kusukuma kwa pamoja, juu ya pingili zile zile zinazoumwa. Sasa anakuna binti yangu, mimi nachuja tui nikiwa kitini.

Naomba wenzangu mseme. Mnafanya nini? Nini kilikatazwa? Na wanaouguza pia waseme.

#2 KijanaWaKilindini

Dada, shukran sana kwa kuandika. Mimi niko Mombasa, namuuguza babangu. Yeye ni tezi dume, imefika nyonga na mbavu. Maisha yake yote ni mtu wa kutembea, na mimi tangu tuambiwe majibu nimekuwa namzuia. Tumegombana juu ya viatu, nilivificha. Naandika haya nikiwa na aibu.

Kuna jirani aliniambia ya tezi dume haina shida kwa sababu yenyewe inafanya mfupa uwe mgumu zaidi. Ni kweli?

#3 Fizio_Moro

Ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimewahudumia wagonjwa wa aina hii kwa miaka. Nianze na la kijana wa Mombasa.

Ni kweli tezi dume mara nyingi huujaza mfupa, kwenye eksirei unaonekana mweupe. Lakini ugumu ule ni wa chaki. Umepangika ovyo, na unaweza kuvunjika. Isitoshe, tiba ya kushusha homoni za kiume yenyewe inapunguza mifupa na misuli. Kwa hiyo babako ana sababu mbili za kuhitaji mazoezi na sababu mbili za kuyafanya kwa uangalifu.

Na jambo hili limepimwa. Australia, matokeo yaliyotoka 2018, wanaume 57 wenye saratani ya tezi dume iliyofika mifupani waligawanywa: wengine wakapewa mazoezi yaliyopangwa kwa miezi mitatu, wengine wakaendelea na maisha yao. Waliofanya mazoezi walipata nguvu za miguu na wakajisikia wanamudu shughuli zao zaidi, wala mifupa haikuvunjika kwa sababu ya mazoezi. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya wagonjwa 357 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, wa nchi kadhaa za Ulaya na Australia, zaidi ya nusu yao imefika mifupani. Miezi tisa ya mazoezi wakisimamiwa ilipunguza uchovu na kuboresha hali yao ya maisha. Ila msisahau hili: wenye mifupa isiyo imara hawakuingizwa. Yaani picha zilitazamwa kwanza.

Siri ya ule mpango wa Australia ni rahisi kuieleza. Unazunguka eneo lenye ugonjwa. Ugonjwa ukiwa juu ya paja, misuli ya kiunoni na nyonga ya upande huo haiwekewi uzito, lakini mikono, kifua na mguu wa pili vinafanya kazi. Ukiwa kwenye pingili, hatukunji wala hatuzungushi kiwiliwili, tunafundisha misuli ya mgongo kukaza bila kutikisika. Ukiwa kwenye bega, miguu iko huru. Karibu kila mgonjwa ana sehemu ya mwili inayoweza kufanya kazi leo, na ni kwa sababu hii siwezi kumpa mtu orodha hapa jukwaani bila kujua mfupa upi. Orodha ya BintiPangani ni ya mifupa ya BintiPangani.

Kipimo cha kasi: uweze kuongea sentensi nzima huku unatembea. Ukishindwa, punguza. Siku yenye homa, siku ya kizunguzungu, au ukiambiwa damu au chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zimeshuka sana, usifanye mpaka uulize.

#4 Mtu_wa_Kahama

Nawaheshimu wote lakini naomba kutofautiana. Bibi yetu alivunjika paja akitembea tu kwenda jikoni. Hakuanguka. Alikanyaga, tukasikia mlio, ndipo akaanguka. Angekuwa amelala asingevunjika. Mtu mwenye mifupa hii aachwe apumzike.

#5 BintiPangani

Pole sana ndugu yangu. Hilo ulilolisikia jikoni ndilo ninaloliota usiku.

Naomba nikuulize, na usinielewe vibaya. Siku za kabla, bibi alikuwa analalamika akikanyaga?

#6 Mtu_wa_Kahama

Ndiyo. Kama wiki mbili. Akikaa hapaumi, akikanyaga anashika paja. Tulidhani ni uzee, tukawa tunampaka dawa ya kuchua.

#7 Fizio_Moro

Mkuu, pole kwa msiba ule. Ulichokiandika hapo ndicho ningependa kila mtu akisome mara mbili: akikaa hapaumi, akikanyaga panauma. Maumivu yanayokuja mfupa ukibebeshwa uzito ndiyo yanayopewa alama ya juu kabisa, 3, kwenye kile kipimo alichoeleza dada. Hayo siyo ya kufanyia mazoezi wala ya kulala nayo. Ni ya kuacha kuukanyagia mguu huo, kutumia magongo au kiti cha magurudumu, na kwenda kupigwa picha upesi. Kuna watu wanawekewa chuma kabla ya kuvunjika na wanatembea baada ya siku chache. Baada ya kuvunjika safari inakuwa ndefu zaidi.

Na kumlaza mtu moja kwa moja kuna hatari zake: misuli inakwisha, damu inaganda miguuni, mapafu yanajaa, vidonda vya mgongo, na kalisi (kalsiamu, madini ya mifupa) inaweza kupanda kwenye damu. Mgonjwa wa mifupa akianza kiu isiyoisha, kukojoa sana, kufunga choo na kuchanganyikiwa, mpelekeni akapimwe kalisi. Mara nyingi familia inasema "ugonjwa umemzidi", kumbe ni jambo linalotibika kwa maji ya dripu na dawa.

#8 DadaWaMbagala

Kwa vile kuchua kumetajwa, na mimi niseme letu. Sijawahi kulisema popote.

Baba alikuwa na saratani iliyofika uti wa mgongo. Mgongo ukawa unambana kama mkanda kuzunguka kifua. Tukamwita mchuaji, mtu mwema, ametuchua sote tangu utotoni. Akamlaza kifudifudi kwenye mkeka, akamkanda kwa mafuta ya nazi, halafu akamkandamiza kwa kiganja mpaka pakalia. Baba alisema amepata nafuu. Siku ya tatu akasema kandambili zimemtoka miguuni. Hakuwa amevaa kandambili. Kumbe miguu imeshakufa ganzi, hajui kama amevaa kitu au hajavaa. Jioni hiyo mkojo ukagoma.

Tulisubiri asubuhi. Hilo ndilo ninalojilaumu, siyo mchuaji. Hospitali walituambia uti wa mgongo umebanwa na ni dharura ya saa, siyo ya siku. Alipewa sindano za deksamethasoni za kupunguza uvimbe, akapigwa mionzi. Miguu ilirudi kiasi, anatembea kwa fremu mpaka msalani.

#9 Fizio_Moro

Dada, usibebe mzigo huo peke yako. Ule mkanda kifuani ulikuwa umeanza kabla ya kuchuliwa, inawezekana uti ulikuwa unabanwa tayari. Lakini ni kweli: mgongo wenye saratani haukandamizwi, haunyongwi, hautolewi mlio. Mafuta ya kupapasa juu juu kwa mkono mwepesi ni jambo jingine.

Anayeuguza aandike haya ukutani: maumivu mapya ya mgongo yanayozidi ukilala au ukikohoa, mkanda kifuani au tumboni, miguu kulegea, ganzi miguuni au pale unapokalia, mkojo au choo kubadilika. Moja likitokea, mgonjwa alazwe chali, asitembezwe, apelekwe hospitali usiku huo huo.

#10 UmmuWawili

Nimesoma yote machozi yananitoka. Mimi yangu iko pingili za katikati ya mgongo. Swali langu ni la swala. Nimekatazwa kuinama na sijui nifanye nini na rukuu na sijda. Nimekuwa nakwenda sijda kwa siri, naogopa swala yangu haitimii. Kila nikiinuka mgongo unachoma.

#11 BintiPangani

Dada yangu, acha leo. Usingoje Ijumaa.

Mtume alimwambia Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Nilimwendea sheikh wa mtaa wetu na barua ya daktari mkononi, hata hakuifungua. Alisema aliyeumba mgongo ndiye aliyetoa ruhusa.

Mimi naswali hivi: nasimama kisomo kama nina nguvu, nikichoka nakaa. Rukuu naashiria nikiwa kitini, sijda naashiria chini kidogo zaidi, kwa kichwa, mgongo unabaki umenyooka. Shingo yangu ni nzima ndiyo maana naweza. Kama yako ina ugonjwa shingoni, muulize daktari hata hiyo ishara. Mikono naiweka mapajani. Kiti ni kile kile cha mazoezi, kizito, kisichoteleza, na mswala umetandikwa mbele ya miguu ili nisiukanyage nikauvuta. Ramadhani iliyopita niliswali tarawehe nyumbani kwenye kiti hicho, zote.

#12 Fizio_Moro

Niongeze ya nyumbani, maana saa moja ya mazoezi haisaidii kama saa nyingine zote mgonjwa anajikunja.

Kutoka kitandani: usiinuke kwa kujikunja kama unayefanya mazoezi ya tumbo. Kunja magoti, geuka ubavu kwa mwili mzima kama gogo, bega na nyonga pamoja, shusha miguu ukingoni huku unajisukuma kwa mkono. Ngazi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, utangulie mguu mbovu pamoja na mkongojo. Choo cha kuchuchumaa: kiti chenye tundu, fundi seremala wa mtaani anakichonga kwa siku moja. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo, hapana kabisa kwa mwenye ugonjwa wa mgongo. Ondoa mikeka midogo inayoteleza, na usiku acheni taa ya njia ya msalani.

Jingine, mionzi. Maumivu yanaweza kupungua ndani ya wiki chache, ila mfupa unachukua miezi kujaza upya. Wapo wanaovunjika kipindi hicho cha katikati, kwa sababu hawaumii tena na wanarudia ndoo. Nawaomba muwe waangalifu zaidi pale mnapojisikia vizuri.

Na wanaopewa dawa za kuimarisha mifupa, dripu ya zoledroniki au sindano ya denosumabu, fanyeni ukaguzi wa meno kabla ya kuanza, na msing'oe jino bila kumwambia daktari wa saratani. Taya linaweza kukataa kupona.

#13 Mtu_wa_Kahama

Nimeelewa. Nashukuru kwa kunijibu kwa upole. Mama mdogo naye ana ya matiti, haijafika huko, lakini jana amesema paja linamuuma. Kesho tunakwenda hospitali ya Bugando.

#14 KijanaWaKilindini

Naleta mrejesho. Nilimpeleka babangu na picha zote. Daktari alitazama nyonga akasema kwa sasa iko imara, atembee kwenye ardhi tambarare, asibebe mzigo, asiende kwenye mchanga. Mbavu zimefanya akatazwe kusukuma na kuvuta vitu vizito. Akafundishwa lile la kiti.

Tumeanza Jumatatu. Nampeleka ufukweni Mama Ngina na gari mapema kabla watu hawajawa wengi, pale njia ni ya sakafu na kuna viti vya kupumzika. Anatembea mpaka kiti cha kwanza, anakaa anatazama feri za Likoni zikivuka, anainuka mara tano, anaendelea. Viatu nilivitoa mwenyewe mvunguni, nikamfunga kamba. Hakusema kitu. Alinishika kichwa tu.

#15 UmmuWawili

Alhamdulillah. Na mimi niko kwenye kiti tangu siku ile. Dada BintiPangani, swali la mwisho: mjukuu. Ana mwaka na nusu, akiniona ananyoosha mikono. Unafanyaje?

#16 BintiPangani

Wangu ana miaka miwili, kilo kumi na mbili. Simwinui kutoka chini, hata siku moja. Tumemfundisha "bibi anakaa kwanza." Nikishakaa kwenye kile kiti, miguu imekanyaga, ndipo mama yake anamnyanyua na kumweka kwenye paja la kushoto, lile zima. Akitaka kushuka ananigonga bega mara mbili, mama yake anakuja kumchukua. Sasa hivi akitaka kupakatwa haniiti tena. Anakwenda kukipigapiga kile kiti kwa kiganja, anasimama pembeni, ananingoja nikae.